Jumamosi, Oma Huja Kwake

Deventer ni mji mkongwe wa mashariki ya Uholanzi, umekaa ukingoni mwa mto IJssel, na zamani ulikuwa katika umoja wa miji ya wafanyabiashara ulioitwa Hansa. Kati ya mji pana uwanja mrefu uliotandazwa mawe, Brink, na hapo limesimama jengo la mizani la mwaka 1528, ambamo bidhaa zilipimwa kabla ya kuuzwa. Jumamosi huwa na soko: magurudumu ya jibini, maua yaliyofungwa mafungu, samaki wanaokaangwa papo hapo, na mikate ya asali inayouzwa kwa jina la mji. Mgeni akishuka treni huelekezwa huko. Mimi nilielekezwa upande wa pili, kwenye mitaa ya matofali mekundu ambako nyumba zimeungana safu nzima, milango inafanana, madirisha yanafanana, na mtu hupajua kwake kwa chungu cha maua au kwa rangi ya baskeli iliyoegeshwa nje.

Mdogo wangu anaishi humo. Ameoa binti wa mtaa huo, na nyumba wanayokaa ilikuwa ya mama mkwe wake kabla hawajainunua wao. Bibi huyo, ambaye wajukuu humwita Oma na mimi nikafuata, alipata maradhi ya kusahau, kisha akaanguka ngazini, kisha akahamia nyumba ya kulelea wazee isiyo mbali na hapo. Kila baada ya wiki mbili huja kulala nyumbani Jumamosi, akarejeshwa Jumapili. Wenyewe wanaliona jambo la kawaida kabisa. Mimi nilikuwa sijapata kumwona mtu mzima akitiliwa sahihi ili aende kwao.

Tulimfuata kwa baskeli. Nasema kweli: wana baskeli ambayo mbele yake pana kiti cha magurudumu kilichofungwa kwa vyuma, mzee hukaa hapo amejifunika blanketi, na mwendeshaji hukanyaga nyuma yake. Nyumba ya wazee huwaazima jamaa wanaoihitaji. Ilikuwa mwanzo wa Novemba, baridi ya kuuma masikio, na Oma alipitishwa juu ya tuta la mto akiwa mbele ya kila kitu, upepo usoni, kofia ya sufu imemshuka hadi nyusi, akiwasalimu wapitao. Kwetu Unguja baskeli hubeba mkaa, mikungu ya ndizi na watoto wa skuli watatu kwa mpigo, lakini bibi wa miaka 80 na ushei hakuna anayethubutu kumpandisha. Tungemkodia gari, na gari lisipopatikana asingetoka.

Kabla ya hapo lakini tulipitia kule anakokaa. Nilitegemea harufu ya dawa na korido ndefu. Sehemu ya Oma ina wazee wanane, na hao wanane wana jiko lao, meza yao ya kulia na sebule yao. Asubuhi ile mhudumu alikuwa akikaanga mayai, na bwana mmoja aliyevaa tai alikuwa akikunja taulo, akizikunjua, akizikunja tena, na hapakuwa na aliyemkataza. Kila mmoja ana chumba chake, na fenicha ya ndani ni ileile aliyohama nayo. Pembeni mwa kila mlango pametundikwa kisanduku cha kioo chenye picha ya harusi, au kiatu cha mtoto, au chombo cha kazi ya zamani, ili mwenye chumba akisahau namba asipotee. Mlango mkubwa wa nje haumfungii kila mtu: wazee wamevaa vibangili, na mlango hujua nani aweza kutoka peke yake na nani asindikizwe. Sheria iliyoanza kutumika 2020 inataka uhuru wa mzee wa namna hii usizuiliwe ila kwa sababu iliyoandikwa.

Mdogo wangu, ambaye husimulia habari za nchi ile kana kwamba aliijenga yeye, alinieleza pia kuhusu Hogeweyk, huko Weesp karibu na Amsterdam: kijiji kizima cha watu wenye maradhi haya, kilichofunguliwa 2009, chenye duka, mkahawa na vijia vyake, ambamo wahudumu huvaa nguo za kawaida. Na pale pale Deventer, nyumba iitwayo Humanitas tangu 2012 huwapa wanafunzi wa chuo vyumba bila kodi, na wao hulipa kwa saa 30 kila mwezi za kukaa na wazee, kula nao na kupiga nao soga. Hilo la wanafunzi nililipenda. Kijana wa kwetu naye hukaa na bibi yake, ila hakuna anayemhesabia saa.

Makabidhiano yana adabu zake. Muuguzi wa zamu, msichana mwenye raba nyeupe, alituketisha mezani akatoa utepe wa vipakiti vidogo vya plastiki vilivyoshikana. Kila kipakiti kimechapishwa jina la Oma, tarehe yake ya kuzaliwa, siku, saa ya kumeza, na majina ya vidonge vilivyomo. Akaukata kwa mkasi kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili mchana, na wifi yangu akatia sahihi. Ukafuata mfuko wa pampasi, za mchana mbali na za usiku mbali. Mwisho ikatolewa karatasi moja, nami nikaomba nisomewe. Nilidhani ni orodha ya maradhi. Yaliyoandikwa ni haya: asiamshwe kabla ya saa moja na nusu, kahawa yake ni ya maziwa, sukari nusu kijiko, hapendi taa zizimwe zote, na akianza kuchezea vifungo vya blauzi, anataka kwenda chooni lakini hatasema.

Hilo la vifungo sikuweza kuliacha. Mtu fulani, anayelipwa kwa saa na mwenye wazee wengine saba wa kuwatazama, alimwangalia bibi huyu mpaka akajua vifungo vinasema nini, kisha akaandika ili na wa zamu ya usiku ajue. Kwetu maarifa ya namna hii yapo tele, lakini yote hukaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Siku mtu huyo akiumwa, mzee naye huwa haeleweki mpaka yule apone.

Nyumbani kwao, au nyumbani kwake, sijui niseme vipi, jiko lilibadilishwa lote wifi alipoinunua nyumba. Vijiko sasa viko droo ya kulia, karibu na meko. Zamani vilikuwa kushoto, chini ya dirisha. Oma, ambaye aweza kumtazama mjukuu wake akamuuliza ni mtoto wa nani, mkono wake haujasahau: akitaka kijiko hufungua kushoto. Basi Ijumaa usiku, watoto wakishalala, mdogo wangu huhamisha vijiko, uma na visu vyote kutoka kulia kwenda kushoto, na vitambaa vya jikoni huhamia kulia. Jumapili usiku hurudisha. Nilimuuliza kwa nini wasiviache kushoto siku zote. Akasema, “Wifi yako hataki. Anasema jiko ni lake sasa.” Sikuendelea kuuliza.

Saa nne ni kahawa. Kikombe kimoja, biskuti moja. Kopo la biskuti hufunguliwa, huzungushwa, hufungwa, na mfuniko ukishatua hakuna rufaa. Jirani aliyeishi ukuta mmoja na Oma tangu watoto wao wakiwa wachanga alikuja saa nne na nusu, kwa sababu ndiyo saa aliyopewa alipopiga simu katikati ya wiki. Alileta maua. Saa tano na nusu aliitazama saa ya ukutani, akainuka, na hakuna aliyemwambia akae kidogo. Mimi niliona aibu kwa niaba ya nyumba nzima. Kwetu anayekuja kumjulia hali mgonjwa haulizwi amekuja kwa miadi gani. Wanawake hukaa mkekani, mmoja ana mtoto mgongoni, mwengine anaijua dawa ya mti, wa tatu amepita tu lakini atakula.

Hata hivyo niliitazama vizuri saa ile moja ya jirani. Alikaa uso kwa uso na Oma, magoti yakigusana, akamsimulia habari za paka waliyekuwa wakimlisha kwa zamu, aliyekufa zamani. Oma alipouliza paka yuko wapi, jirani akaanza upya, bila kumtupia mtu mwengine jicho la kumwonea huruma. Hakuzungumza na sisi kabisa. Mgonjwa wa kwetu aghalabu hulala katikati ya mazungumzo ya harusi na bei ya mchele, na tukitoka tunasema tumemtazama.

Mchana, baada ya mkate na jibini (chakula cha moto kwa kawaida ni kimoja kwa siku, tena jioni saa kumi na mbili), Oma huwekwa dirishani. Madirisha ya Kiholanzi ni makubwa na wengi hawayateremshii mapazia hata usiku, hivyo mpita njia huiona sebule yote: taa, rafu za vitabu, watu wanavyotafuna. Mwanzo niliona ni kukosa stara. Sisi tunaziba dirisha kwa pazia mbili, kisha tunajenga baraza nje ili tuonekane huko. Lakini watu wa baskeli walivyokuwa wakiinua mkono kumpungia Oma, na yeye kuuinua wake, nikafahamu kwamba baraza lao ndilo hilo, limetiwa kioo kwa sababu ya baridi. Tofauti ni kwamba barazani kwetu salamu hupita na habari, na dirishani hupita mkono mtupu.

Choo cha chini ni kidogo kiasi kwamba magoti hugusa mlango, na ukutani imetundikwa kalenda ya siku za kuzaliwa za ukoo mzima, ili anayekaa pale aitumie nafasi hiyo kukumbuka jamaa zake. Bafu liko juu, na ngazi za nyumba hizi zimesimama wima, mtu hupanda akijivuta. Kwa hiyo Oma haendi juu. Kitanda hutandikwa sebuleni, na kukoga ni kwa beseni. Wifi humwosha kwa kipande cha taulo kilichoshonwa mfuko wa kuvaa mkononi, kimoja cha uso, chengine cha mwili, kwa maji machache mno. Nilishika beseni. Mkono uliolelewa kwa kopo na ndoo ulikuwa ukinisihi nimwage.

Kumnyanyua ndiko kulikonishtua. Anayemnyanyua Oma kitandani, kitini na chooni ni mdogo wangu, mkwe wake. Nyumba ya wazee ilimfundisha: miguu ya mzee ikae wapi, mkono upite chini ya kwapa, mzigo uingie magotini usiingie mgongoni. Humkumbatia, huhesabu mpaka tatu kwa Kiholanzi, huinuka naye, na husubiri apate miguu kabla ya kumgeuza. Mama yetu angeliona hilo angelitoka chumbani. Kwetu mkwe wa kiume humwamkia mama mkwe ameinamisha macho, hakai naye mkeka mmoja ikiwa pana pengine pa kukaa, na habari za choo hazitajwi mbele yao wawili. Nilimvizia jikoni nikamuuliza kwa Kiswahili kama haoni haya. Akasema aliziona siku za mwanzo. Oma hakuziona hata hizo siku. Alimwambia tu kwamba mikono yake ni baridi.

Usiku wa Jumamosi wifi hulala kwenye kochi, hatua mbili kutoka kitandani. Saa nane Oma aliamka akataka maji. Saa tisa aliamka tena, akatafuta viatu, akasema amechelewa kazini, kwani alisomesha skuli ya msingi karibu umri wake wote. Wifi hakumbishia wala hakumkumbusha ana miaka mingapi. Alimwambia kumekucha Jumapili, skuli imefungwa. Oma akajilaza kwa raha ya mtu aliyepewa likizo bila kuiomba. Wifi hakupata usingizi tena. Asubuhi, huku akimimina kahawa, alisema Jumatatu akifika ofisini ndipo atakapopumzika.

Nilikuwa nimekuja Uholanzi na hukumu yangu ndani ya mkoba. Wengi wetu tunayo: wenzetu huwapeleka wazazi wao. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 huko Tanzania iliiweka familia mbele katika matunzo ya mzee, na makazi ya wazee yawe ya asiye na wa kumtunza. Unguja tuna Sebleni na Welezo, na anayekaa huko husemwa hana mtu, hata kama anao. Dini imetukataza hata kuguna mbele ya mzazi aliyezeeka. Yote hayo nayaamini na sijayaacha. Lakini usiku ule, nikisikiliza kutoka juu viatu vikitafutwa gizani, aliyenijia kichwani ni shangazi yangu.

Shangazi yuko Michenzani, ghorofa ya nne, katika yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Ngazi ni ngazi tu, hakuna lifti. Hajapelekwa popote, na ukoo mzima hujivunia hilo. Wala hatoki. Siku ya Idi huteremshwa juu ya kiti cha plastiki, vijana wanne wamekishika miguu, wa tano anapiga kelele za “polepole”, na akifika chini hupigwa picha ambazo sote tunazisambaza. Hupata ile pensheni ambayo Serikali ya Zanzibar ilianza kuitoa 2016 kwa kila aliyefikia miaka 70, awe alikuwa karani au mchimba chumvi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000, na kwa shangazi karibu yote huishia kwenye pampasi. Anayemtazama ni binti yake wa mwisho. Wengine tunachangia: huyu mchele, yule fedha ya dawa, mimi maneno mazuri. Hakuna aliyekaa akaamua kuwa iwe kazi ya binamu yangu huyo. Alikuwepo tu siku mama yake alipoanguka, hajaolewa, na kibarua chake cha duka la Darajani kilionekana si kitu cha kumzuia mtu.

Huko Uholanzi nako huruma peke yake haikutosha. Sheria yao ya kwanza ya bima ya matunzo ya muda mrefu ilianza kutumika 1968, iliyopo sasa ni ya 2015, na kila mwenye kipato hukatwa kwa ajili yake asilimia 9.65 ya fungu la kwanza la kipato hicho. Mdogo wangu amekuwa akikatwa tangu mshahara wake wa kwanza, kwa ajili ya wazee asiowajua na mmoja anayemjua. Mzee haingii humo kwa sababu watoto wamechoka. Ofisi ya taifa hupima kama kweli anahitaji kuangaliwa usiku na mchana, na masharti yamekazwa mno: mwenye udhaifu mdogo hubaki kwake, muuguzi akimfuata huko kwa baskeli, na nyumba nyingi za wazee za mtindo wa zamani zimefungwa. Akiingia, naye huchangia, kidogo kwa miezi minne ya mwanzo, kisha kwa kadiri ya kipato na mali aliyokuwa nayo miaka miwili nyuma. Kwa mwenye nacho mchango huo waweza kupita euro 2,000 kwa mwezi. Sehemu ya fedha ambazo wifi alimlipa mama yake kwa nyumba ile imekwenda huko. Niliposikia hayo nililielewa vizuri zaidi lile neno lake kuhusu jiko.

Kilichonitia wivu ni kitu chengine, nacho ni mapumziko. Mfanyakazi wa kule ana haki ya kuchukua siku za kumuuguza mzazi, kila mwaka hadi mara mbili ya saa zake za kazi za wiki, na hulipwa asilimia 70 ya mshahara. Zipo nyumba zinazompokea mzee kwa siku chache kwa sababu moja tu, kwamba anayemtazama amechoka, na kuchoka kunakubaliwa kuwa sababu. Tarehe 10 Novemba ni siku ya kitaifa ya watu wanaowatunza jamaa zao. Kwenye friji ya wifi palibandikwa kadi ya shukrani kutoka manispaa, pamoja na vocha ya dukani. Yeye anaiona kadi ile upuuzi mtupu. Mimi niliishusha nikaisoma, nikajaribu kufikiri nani kwetu angemwandikia binamu yangu kadi, na angemtaja kwa kazi gani.

Jumapili tulikula hachee, nyama ya ng'ombe inayotokoswa polepole na vitunguu vingi, siki na karafuu. Karafuu nilizileta mimi, za Pemba, kifuko kizima, na nilitaka sana kuona zitakavyoingia chunguni. Oma alisogezwa mezani asaidie. Alichukua kitunguu kimoja kilichomenywa, akachomeka karafuu tatu, kila moja mbali na mwenzake kwa kipimo cha jicho la mwalimu, kisha akakisukuma kifuko kilichobaki kuja upande wangu. Tatu, kwa chungu cha watu wote wale. Hukaa kwenye kitunguu ili zikishatoa harufu zitolewe, asije mtu akaing'ata. Kwetu, tunakozianika barabarani kwa majamvi, mtu hukutana nayo katikati ya pilau, huitema ukingoni mwa sahani, na mazungumzo yanaendelea. Oma alimaliza sahani yake. Wifi aliliandika hilo kwenye simu, mahali ambapo ukoo na wahudumu wote husoma alichokula na alivyolala.

Saa tisa Oma alianza kuuliza saa. Nilijiandaa kwa vilio, maana nimesikia wazee wanavyokataa kurudishwa. Kumbe Jumapili jioni kule hupikwa chipsi, hugawiwa saa kumi na moja na nusu, na anayechelewa huzikuta zimelainika. Alilifuata koti lake mwenyewe. Wifi alimfunga vifungo huku akicheka, kisha akaenda kutafuta funguo, na funguo zilikuwa mkononi mwake.

Pale mapokezini waliulizana yaliyotokea, vipakiti vitupu vikarejeshwa, sahihi ikatiwa. Oma alishakaa mezani. Yule bwana wa tai alimuuliza alikuwa wapi siku mbili hizi. Oma akamjibu kwamba alikaribishwa na watu wema sana, chakula kizuri, isipokuwa walimlaza sebuleni.

Kabla sijaondoka Deventer niliandika kwenye kundi la simu la ukoo wetu. Nilipendekeza kila mmoja achukue Jumamosi yake Michenzani, tangu asubuhi hadi isha, ili binamu yetu apate kutoka. Mmoja alituma alama ya mikono ya dua. Wa pili aliandika inshallah, ambayo katika ukoo wetu si tarehe. Ndugu yetu wa Muscat alisema yeye atatuma fedha badala ya Jumamosi. Wa Chake Chake akaandika: “Wiki hii nina harusi, inayofuata niandike.” Nikamwandika.

Binamu mwenyewe hakujibu kundini. Alinipigia.

“Na wao wakija,” aliuliza, “mimi niende wapi?”

Nikamwambia aende Forodhani, akae ukutani, ale mishikaki. Akasema mishikaki ya Forodhani ni bei ya watalii. Tena kabla ya kwenda popote itambidi akae kutwa na huyo wa Chake Chake amweleze mambo ya mama yake, maana hajui hata ni kikohozi gani kinachotaka maji na kipi kinachotaka kugeuzwa upande. Nikamwambia aandike. Akauliza aandike wapi. Nikamwambia popote, hata nyuma ya daftari la madeni ya duka. Akasema hana mkono wa kuandika sasa, anakoroga uji, basi nishike kalamu mimi.

La kwanza, akasema, asiitwe bibi. Hapendi.